Namba Tisa Zilizorukwa

Mtaa mzima ulimwita Fundi Rangi, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kadi ya kliniki tu. Karibu maandishi yote yaliyosomeka pale mtaani yalitoka mkononi mwake: jina la shule ya msingi, bei za kinyozi, hata lile onyo la ukutani nyuma ya soko kwamba hapa si chooni, ambalo halijamzuia mtu hata mmoja. Alikuwa na miaka sitini na tisa, mwembamba, rangi imemganda pembeni mwa kucha, na mtu wa maneno machache. Watu walipenda kumtania kwa sababu hakuwahi kurudisha.

Utani wao mkubwa ulihusu namba za nyumba. Miaka thelathini na mmoja iliyopita, halmashauri ya mji ilipotaka kuleta mabomba ya maji, ilimkabidhi makopo mawili ya rangi nyeusi na daftari, ikamwambia azunguke mtaa mzima, aandike namba kwenye kila mlango na jina la mwenye nyumba daftarini. Alifanya kazi ile kwa siku kumi na moja na akaifanya vizuri, maana nyingi kati ya namba zile zinasomeka mpaka leo. Ila ukitembea barabara ya chini, ukishaipita nyumba ya mia mbili na tatu, nyumba inayofuata ni ya mia mbili kumi na tatu. Hapo katikati namba tisa zimeyeyuka.

"Fundi, siku ile hesabu zilikukimbia," kinyozi alikuwa akimwambia kila alipokwenda kunyolewa. "Nikikudai nywele za kichwa kimoja usije ukanilipa za vichwa kumi."

Fundi Rangi alicheka pamoja nao. Alicheka kwa miaka thelathini na mmoja, ingawa yeye peke yake alijua kwamba hakukosea kuhesabu.

Ukweli wenyewe ni huu. Kati ya nyumba ile ya mia mbili na tatu na ile ya mia mbili kumi na tatu kuna kichochoro chembamba, ambamo watu wawili wakikutana mmoja lazima ajibanze ukutani. Ndani yake mna nyumba tisa za tofali, hazina tofauti na nyingine. Ya kwanza ilikuwa ya kaka yake, seremala, na njia ilikatiza katikati ya ua wake, hivyo huwezi kuzifikia zile nane za nyuma bila kupita mbele ya mlango wake na kutoa salamu. Na mwaka ule wa namba, Fundi Rangi na kaka yake walikuwa hawasalimiani.

Waligombana juu ya mazishi ya mama yao. Mama alifariki wakati Fundi Rangi yuko mji mwingine, juu ya ngazi, anaandika jina la ghala la nafaka. Simu za mkononi hazikuwepo. Kaka alituma ujumbe kwa dereva wa lori, lori likaharibika njiani, kaka akangoja siku mbili, akazika. Fundi Rangi alifika siku ya tatu akakuta udongo umeshasawazishwa. Hapo hakuna aliyekosea, na mtu yeyote aliyetulia angeliona hilo. Yeye hakuwa ametulia. Alisema mbele ya waombolezaji wote kwamba kaka yake amemwibia mazishi ya mama, akaondoka, na tangu hapo akawa anazunguka barabara ya juu ili asipite karibu na ule ua.

Siku ya sita ya kuandika namba alifika kwenye kona ya kichochoro, kopo mkono mmoja na brashi mwingine. Daftarini alikuwa ameshaandika majina tisa ya wenye nyumba za mle ndani, kwa kuwa ndivyo alivyofanya kazi: majina kwanza, asubuhi, kwa kalamu, mkono ukiwa bado mtulivu, halafu rangi. Mia mbili na nne, jina la kaka yake. Alisimama pale konani mpaka rangi ikaanza kukauka kwenye brashi. Akashindwa. Akajiambia atarudi kesho, akaziruka namba tisa ili zimsubiri, akaendelea na barabara.

Kesho yake ilikuwa na kazi zake, na keshokutwa nayo, na siku ya kumi na moja rangi ikaisha. Karani wa halmashauri alipouliza habari za lile pengo, alimjibu kwamba zimebaki nyumba chache, atazimalizia. Karani akanakili nyumba zilizokwisha kupata namba, akapiga muhuri, akafunga jalada, na daftari likabaki kwa Fundi Rangi.

Mabomba yalifuata namba. Kichochoro hakikupata kitu. Tangu wakati huo wanawake wa mle ndani wanachota maji kwenye bomba la nyumba ya mia mbili na tatu, ndoo kichwani, asubuhi na jioni, na mwenye bomba akiamka vibaya hawachoti. Walikwenda halmashauri mara kadhaa, wakaambiwa wasubiri awamu ya pili. Hakuna aliyemlaumu Fundi Rangi. Walidhani ametumwa awaruke.

Kaka yake alifariki miaka tisa baadaye kwa ugonjwa wa kifua. Fundi Rangi alikwenda makaburini, akasimama nyuma kabisa, akatupa udongo wake, akarudi nyumbani bila kukanyaga msibani. Shemeji yake alibaki kwenye nyumba ile na watoto watatu. Walikuwa wakikutana sokoni.

"Hujambo, shemeji?"

"Sijambo, shemeji."

Hapo basi. Kila mmoja na kikapu chake.

Ndipo likaja suala la uwanja. Mji ulitaka uwanja mkubwa wa michezo, wenye majukwaa ya watu elfu ishirini na taa ndefu kuliko jengo lolote pale, na mahali palipofaa, wataalamu walisema, ni upande wa chini wa mtaa, kuanzia nyumba ya mia na themanini hadi ya mia mbili na sitini. Watu wa nyumba hizo wangehamishiwa kwenye ploti mpya ng'ambo ya reli. Halmashauri iliitoa orodha kutoka kwenye majalada yake: nyumba sabini na mbili, ploti sabini na mbili. Bahati nasibu ya kuzigawa ilichezeshwa kabla hata watu hawajaulizwa kama wanautaka huo uwanja, jambo ambalo mwenye akili anaweza kulitafakari mwenyewe. Wale wa kichochoroni hawakuwamo. Walipewa barua fupi ikiwaita wavamizi, na siku thelathini za kuondoka.

Fundi Rangi aliishi nyumba ya mia na tisini na moja na bintiye, mshonaji, aliyeachika na kurudi nyumbani na cherehani yake. Bahati nasibu iliwapa ploti ya kona, inayotazama soko jipya. Binti hakuwa mtu wa kurukaruka, lakini jioni ile alichukua chaki yake ya kushonea, akachora sakafuni chumba cha ushonaji anachokitaka: hapa meza ya kukatia, hapa dirisha, hapa pazia la wateja kujaribia nguo. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na maisha yake yote alikuwa ameshonea kwenye kona ya chumba cha kulala.

Siku mbili kabla ya mkutano wa wakazi, mwenyekiti wa kamati ya mtaa alikuja kuwatembelea. Akakaribishwa kiti, akasifu nguo zilizokuwa zikishonwa, akauliza habari za miguu ya mzee. Kisha akasogeza kiti karibu.

"Fundi, wale jamaa wa kichochoroni wataleta maneno Jumamosi. Watasema wamekuwepo siku zote. Na wewe ndiye uliyepita na brashi, kwa hiyo utaulizwa."

"Nikiulizwa?"

"Ploti ni sabini na mbili. Nyumba zikiongezeka tisa, orodha inarudi mwanzo. Ploti zinakatwa upya ziwe ndogo, bahati nasibu inarudiwa, na hii kona yenu," alitazama ile michoro ya chaki sakafuni, "inakwenda kwa mwingine. Mimi sikufundishi uongo. Mimi nasema tu, sema hukumbuki. Umri wako unakuruhusu."

Alipoondoka, binti aliisimamisha cherehani.

"Baba," binti akauliza, "kwani zilikuwepo?"

"Zilikuwepo."

"Ukaziruka kwa nini?"

Alimwambia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema kwa sauti, na alishangaa jinsi lilivyokuwa fupi. Miaka thelathini na mmoja, na halikumaliza hata dakika tatu. Binti alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akivuta uzi ambao haukuhitaji kuvutwa.

"Mama mkubwa anabeba ndoo mpaka leo," alisema mwishowe. Alimaanisha mke wa baba yake mkubwa, na hakuwahi kumtaja hivyo mbele ya baba yake. Kisha akaendelea kushona. Fundi Rangi hakujua kama amehukumiwa au amehurumiwa. Asubuhi ya Jumamosi alikuta shati lake la bluu limepigwa pasi, limetundikwa kwenye mpini wa mlango.

"Lile jeupe kola imekatika," binti alisema bila kumtazama. "Mtu akisimama mbele za watu avae linaloeleweka."

Mkutano ulifanyika alasiri, katika darasa kubwa la shule. Watu wazima walikalia madawati ya watoto wa darasa la tatu, magoti yakigusa videvu, na walioona aibu kwa miili yao wakajisimamia madirishani. Ubaoni kulikuwa bado na hesabu za kugawanya. Mhandisi wa halmashauri, kijana nadhifu mwenye sauti ya upole, alibandika ramani yake juu ya hesabu hizo, na uwanja ukaonekana: yai kubwa la kijani lililokaa juu ya mistari ya barabara wanazozijua kwa miguu.

Kinyozi alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. "Mimi nasema uje. Watu elfu ishirini kila wiki. Hata nusu yao wakiwa na vipara, bado nitakula."

Watu wakacheka. Mwalimu mstaafu akageuka kwenye dawati lake. "Nyumba yako wewe ni namba ngapi?"

"Themanini na mbili."

"Ndiyo maana umeamka na ucheshi."

Kijana mmoja akasema kazi hakuna, na kwamba hao wanaotetea kuta zao wamwambie kama atakula kuta. Muuguzi wa zahanati aliuliza swali ambalo halikupata jibu: siku ya mechi, barabara ni hii moja, mzazi akishikwa na uchungu atapitishwa wapi. Mhandisi aliliandika. Mama mmoja akasema amezika mume akitokea kwenye nyumba ile, amewaoza mabinti wawili kwenye nyumba ile, na sasa anaambiwa ahamie ng'ambo ya reli ambako hamjui hata wa kumwomba kiberiti. Mwingine akamjibu kwamba nyumba yenyewe inavuja, na yule mama akasema ndiyo, inavuja, lakini anajua inavujia wapi. Walibishana hivyo kwa saa nzima, na ukweli ni kwamba wote walikuwa na haki, ndiyo maana hawakuelewana.

Kisha akasimama dobi, kijana wa kichochoroni, mikono yake imechujuka kwa sabuni.

"Mimi nina miaka ishirini na minane," alisema. "Nimezaliwa nyumba ya nne mle kichochoroni, mkunga alikuja na taa. Naomba kuuliza. Kwenye hiyo ramani, mimi nimezaliwa wapi?"

Mhandisi alipekua karatasi zake. Hakuwa mtu mbaya. "Orodha inatokana na namba za halmashauri. Namba mia mbili na nne hadi mia mbili kumi na mbili hazipo. Tumeelezwa kwamba mchoraji wa wakati huo aliziruka kwa bahati mbaya, alikosea kuhesabu. Kwa hiyo nyumba zenu zinachukuliwa kuwa zilijengwa baadaye, bila kibali."

Wachache wakacheka, kwa mazoea tu, kwa kuwa utani ule waliujua. Kicheko kikafa katikati. Ule mzaha wao wa kinyozi ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi yenye nembo, na watu tisa waliopewa barua walikuwa wamekaa mbele yao na familia zao. Miaka yote ile Fundi Rangi alijificha ndani ya utani ule, na sasa ulikuwa unawatoa watu majumbani.

Mwenyekiti akasafisha koo. "Bahati nzuri mchoraji mwenyewe tunaye. Fundi, umri umekwenda, hakuna atakayekulaumu. Kama hukumbuki, sema tu hukumbuki, tuendelee."

Alichelewa kusimama kwa sababu magoti yalikwama chini ya dawati. Bintiye akalivuta dawati nyuma, akampisha.

"Nakumbuka," alisema. "Zilikuwepo. Zote tisa."

Watu wakageuka kwenye madawati kumtazama.

"Sikukosea kuhesabu. Niliziruka makusudi. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya kaka yangu, na mimi na yeye tulikuwa hatusemi. Sikutaka kupita uani kwake. Nikaogopa kumpa salamu, nikawanyima watu tisa namba. Nilimwambia karani nitamalizia, sikumaliza. Mlipokuwa mnanicheka niliwaacha mnicheke, kwa sababu ilikuwa afadhali mnione mjinga."

"Mzee mzima," mtu alisema dirishani, polepole, na hakuna aliyemnyamazisha. Kinyozi alikuwa anatazama viatu vyake.

Mhandisi aliuliza, kwa upole uleule, kama kuna uthibitisho wowote, kwa maana yeye hawezi kurudi ofisini na maneno matupu. Fundi Rangi alitoa daftari kwenye mfuko wa plastiki. Kurasa zilikuwa zimepata rangi ya chai. Akafungua pale panapotakiwa, na kwa kuwa mhandisi hakuweza kuusoma mwandiko ule wa zamani, akayasoma majina yeye mwenyewe, kuanzia mwisho kurudi mwanzo.

Alisoma la mia mbili kumi na mbili. "Yupo," ikasema sauti ya kizee kutoka ukutani. Alisoma la kumi na moja. "Alifariki. Tupo watoto wake." La kumi. "Yupo, anaumwa, hakuweza kuja." Hakuna aliyewaambia wajibu, lakini walijibu, mmoja baada ya mwingine, na watu wa upande mwingine wakawa wanageuza shingo kuwatazama majirani ambao hawakuwahi kuwahesabu. Alipofika kwenye jina la kaka yake alilisoma chinichini. Akalisoma mara ya pili.

Shemeji yake alikuwa dawati la mbele, mgongo umenyooka. Hakugeuka.

"Hayupo," alisema. "Nipo mimi."

Mwishoni watu walinyoosha mikono juu ya uwanja wenyewe, na wengi waliukubali, hasa wale wenye nyumba ambazo yai la kijani halikuzigusa. Mhandisi alisema orodha itarudiwa na nyumba zote themanini na moja, ila kila nyumba iwe na namba mlangoni na ipigwe picha kabla ya Jumatano, maana ndivyo sheria inavyotaka. Njiani kurudi nyumbani watu wawili waliokuwa wakimsalimia Fundi Rangi kila siku walimpita kimya, kwa kuwa ploti zao zilikuwa nzuri. Binti alitembea ubavuni mwake. Walipofika ndani alichukua kitambaa chenye maji, akapiga magoti, akaifuta michoro ya chaki sakafuni, taratibu, kuanzia dirishani. Hakusema neno la lawama, na baba yake alitamani angelisema.

Jumatatu asubuhi Fundi Rangi alibeba kopo na brashi, akashika barabara ya chini. Kwenye kona ya kichochoro miguu ilisita kama ilivyosita zamani, akapiga moyo konde, akaingia. Ua wa kaka yake ulikuwa mdogo kuliko alivyoukumbuka. Shemeji yake hakuonekana, akaupita harakaharaka na kwenda mpaka nyumba ya mwisho kabisa, akaanzia huko, kwa woga. Watu walimpokea kwa adabu isiyo na joto. Mmoja alimtolea kigoda, mwingine alimwangalia tu. Yule mzee wa nyumba ya mwisho alisimama nyuma yake muda wote akiegemea fimbo, na namba ilipokamilika akasema, "Umechelewa kidogo, Fundi," kisha akaingia ndani.

Ilipofika saa sita alibakiwa na nyumba moja. Shemeji yake sasa alikuwa amekaa kizingitini, anakunja nguo alizoanua. Alisogea kando kumpisha mlango.

"Shemeji," Fundi Rangi alisema, "nimekuja."

"Naona."

Akafungua kopo. Alikuwa ameshainua brashi aliposikia sauti ya shemeji yake, ikitokea chini, kwenye nguo.

"Siku ile hakwenda kazini."

"Nani?"

"Kaka yako. Siku ya namba. Tulisikia uko barabara ya chini, unakuja. Akasema, leo mdogo wangu hana ujanja, kazi ya halmashauri itamleta. Akafagia huu ua mwenyewe, mwanamume ambaye sikuwahi kumwona na ufagio. Akatoa viti viwili. Akaupiga randa huu mlango upya, ili rangi yako ishike. Tukasikia kopo lako pale konani, akasimama." Alikunja shati, akaliweka juu ya mengine. "Kisha tukasikia unakwenda zako."

Brashi ilikuwa inadondosha rangi kwenye kiatu chake, na hakuiona.

"Alisema nini?"

"Alisema umeishiwa rangi. Kesho yake akasema labda unaumwa. Baadaye ikawa mvua. Kila wakati alikutafutia sababu. Nilipotaka kuupaka huu mlango, usioze, alinikataza. Alikuwa kitandani, hawezi hata kugeuka, na bado ananikataza. Usiuguse, anasema, mdogo wangu ana kazi yake hapo."

Fundi Rangi aliutazama mlango. Ulikuwa mbao tupu kutoka juu hadi chini, umekuwa wa kijivu kwa jua na mvua, umechanika kwenye mistari ya mti. Pale katikati, kwenye kimo cha macho, mikono ya watu ilipopita kwa miaka mingi, bado ulikuwa laini. Alipagusa kwa kiganja. Akalia waziwazi, mzee wa miaka sitini na tisa, mbele ya mwanamke mwenye nguo mikononi, na hakujaribu kuuficha uso.

Shemeji yake alimngoja amalize. "Mimi sijakusamehe," alisema, bila ukali. "Maji niliyabeba mimi, na shingo inayouma ni yangu. Sijui kama nitakusamehe. Lakini yeye hakuwa na kinyongo na wewe hata siku moja, na hilo si langu, siwezi kuendelea kukaa nalo." Akasimama, akachukua kopo lake kutoka chini, akalishika kwa mikono miwili usawa wa kifua, ili asiwe anainama. "Andika, shemeji. Wapiga picha wanakuja kesho."

Fundi Rangi akachovya brashi. Aliandika mbili, akaandika sifuri, na alipofika kwenye nne alikwenda polepole kabisa, kwa kuwa hakutaka iishe. Mlango ule ulikuwa ubomolewe kabla ya mvua, na wote wawili walilijua hilo.